Gadi Aliyesimama na Mpira

Garissa
20 Mei 1996

Abaayo Kaaha, dada yangu,

Assalamu alaykum. Sitaanza kwa kukuuliza afya, maana nikianza hivyo nitajaza ukurasa mzima kabla sijakwambia. Wanataka kung'oa nguzo za kiwanja chetu cha mpira wa kikapu.

Leo asubuhi Mwalimu Mkuu, Mwalimu Noordin, aliniita ofisini. Shule imepewa tangi la maji la lita elfu kumi. Limelala uani kama ngamia mgonjwa kwa sababu hakuna chuma cha kulinyanyulia. Mwalimu Mkuu ameangalia huku na huku akaona nguzo mbili nene zinazobeba ringi ambazo mpira hauingii. Alisema taratibu, bila ubaya wowote. Timu haijashinda tangu mwaka jana. Wasichana mia mbili wanabeba maji kwa madebe. Tuna mechi tatu zilizobaki muhula huu. "Shinda moja tu, Sahro," akaniambia. "Moja, nami nitatafuta chuma kwingine."

Unazijua nguzo hizo. Mimi na wewe tulizipaka rangi tukiwa kidato cha pili, kwa rangi iliyobaki ya geti, na alama za viganja vyetu, chako na changu, bado zipo. Nilipokosa chuo kikuu kwa pointi moja nikarudi hapa kufundisha Kiswahili bila cheti, watu walidhani nimerudi kwa ajili ya kazi. Nilirudi kwa ajili ya ile saa moja ya mazoezi ya alasiri. Saa hiyo ikiondoka sijui nitabaki kuwa nani. Siwezi kumwambia mtu mwingine jambo hili, kwa hiyo nakwambia wewe.

Sasa timu yenyewe. Ninao wanane. Abshiro wa Rhamu bado ni mrefu kuliko wote na bado mvivu kurudi nyuma, lakini chini ya ringi anafaa. Donda letu ni gadi, wale wawili wa kuleta mpira mbele. Mmoja ni Ramlo wa Hadado, ambaye ana mbio za mtu aliyekua akifukuza mbuzi. Wa pili ni mgeni. Anaitwa Mwanaesha, ni mtu wa Lamu, amekuja muhula huu baada ya baba yake kuhamishiwa ofisi ya maji hapa Garissa. Alisoma Mombasa miaka miwili na huko alicheza. Kaaha, laiti ungeiona mikono yake. Anadunda mpira bila kuutazama, kama mtu anayechezea ushungi wake huku akiongea.

Halafu anasimama. Mpira uko mkononi, Ramlo yuko wazi mbele anaita, mimi naita kutoka benchi, na yeye amesimama ananitazama kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wapinzani wanakuja wanauchukua mpira kwake kama wanaupokea. Mazoezini ni hivyo hivyo. Akiwa peke yake ni maji, tukiwa pamoja ni jiwe.

Kwa ajili yake nimeweka sheria kwamba uwanjani ni Kiswahili tu, maana Kisomali hakijui. Hakuna tena anayeita "i sii" akiomba apewe mpira. Tunasema "pasi", na anayesahau anazunguka kiwanja mara mbili. Nimefanya yote niliyoyajua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi zangu za mechi mbili za mwezi huu: kila mpira uliopotea, nani aliupoteza, na vipi. Kati yetu wawili, wewe ndiye uliyejua kuusoma mchezo. Nisomee huu.

Wako,
Sahro


Nairobi
27 Mei 1996

Sahro abaayo,

Wa alaykum salaam. Karatasi zako zilichelewa. Gari lililala Mwingi likingoja polisi wa kulisindikiza. Nimezitandaza kitandani, nimezisoma mara tatu, na nitakujibu kama tunavyojibiwa hapa chuoni, bila kubembelezwa.

Ramlo amepoteza mipira sita na yote alikuwa akikimbia. Huo si ugonjwa. Mtu anayekimbia hudondosha. Mwanaesha amepoteza kumi na minne, na katika hiyo kumi na mmoja umeandika neno moja: "amesimama". Mtu huyo huyo, kosa hilo hilo, mara kumi na moja. Hiyo si bahati mbaya.

Gadi wawili lazima wakamilishane. Mmoja akiwa miguu, mwingine awe macho. Wewe umepata miguu, na macho uliyopata hayataki kuona. Ama anaogopa, ama anawadharau. Msichana aliyechezea Mombasa, kwenye sakafu ya saruji, analetwa kwenye vumbi letu na kupewa Ramlo ambaye hajui hata kusimama sawasawa. Pengine anaona hakuna wa kumpa mpira. Wachezaji wa namna hiyo wapo hata hapa.

Mtoe. Mweke Rukiyo wa benchi lako. Hana mikono ya kudunda, lakini akiambiwa jambo analifanya, na timu inayozama inahitaji mtu wa kutii kuliko fundi. Usimhurumie huyo mgeni kwa sababu ya uzuri wa kudunda kwake. Mimi mwenyewe naanza kila mechi hapa, na si kwa sababu mikono yangu ni mizuri.

Kiganja changu kilichoko kwenye nguzo, kiangalie.

Kaaha


Garissa
3 Juni 1996

Abaayo,

Mechi mbili zimekwenda. Tarehe 25 shule ya ng'ambo ya daraja ilitufunga kwa pointi tisa. Nilikuwa sijapata barua yako, nikamwanzisha Mwanaesha. Alisimama mara saba. Mara ya saba nilisimama nami nikaita mpaka koo likaniuma, na alipogeuka kunitazama aliweka mpira chini. Chini kabisa, Kaaha, kama mtu anayetua mzigo. Wanachuo wa hapa Garissa waliokuja kutazama walicheka mpaka wakashikana.

Nilimtoa. Mbele ya wenzake nikamwambia kama hataki kucheza nasi aseme. Akanijibu kwa adabu, sauti haikupanda wala kushuka, "Mimi nafanya munayonambia, mwalimu." Nililichukua kuwa jibu la kiburi. Ningali naona ni kiburi, lakini uso wake haukuwa na kiburi, na tangu siku hiyo mambo hayo mawili hayataki kukaa pamoja kichwani mwangu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi, tarehe mosi, niliwaweka Ramlo na Rukiyo dhidi ya wasichana wa chuo hicho hicho. Tulifungwa kwa ishirini na mbili. Rukiyo alitii kila nilichomwambia, na kila nilichomwambia alikitii akiwa amechelewa. Mpira wa tatu ulipomgonga puani alilia, akaendelea kucheza huku analia, na Ramlo akamwambia, "Lia ukikimbia basi."

Leo nimepeleka ofisi ya michezo orodha ya wanane watakaocheza na Wajir tarehe 15. Jina la Mwanaesha halimo. Nimejaza nafasi yake kwa msichana wa kidato cha kwanza ambaye viatu vyake bado ni vya dada yake. Fundi wa tangi amekuja kupima nguzo zetu kwa kamba. Alikuwa ananitabasamia.

Imebaki moja. Niambie nimefanya sawa. Hata kama si kweli, niambie.

Sahro


Nyumba za Serikali, Garissa
8 Juni 1996

Mwalimu wangu Sahro,

Shikamoo. Naandika kwa sababu nikiwa mbele yako maneno hayanijii.

Sikatai kutolewa. Ni haki yako. Nataka tu ujue kwamba sikukudharau wewe wala wenzangu. Tangu siku ya kwanza, kila nikipata mpira wananambia basi. Ramlo hukimbia mbele, akageuka, akaninyooshea viganja vyote viwili na kunambia basi. Nikikutazama wewe ili nijue nimekosa wapi, nawe unanambia basi, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku ile mulipokuwa munapiga kelele basi, basi, nikauweka mpira chini, kwa sababu sikujua tena niache kitu gani.

Nimelelewa kwamba mtu mzima akikwambia basi, unaacha. Nilidhani hamunitaki lakini munaona haya kusema.

Mama anasema muhula ujao nirudi Lamu kwa bibi. Nakuombea ushindi kwa Wajir.

Mwanafunzi wako,
Mwanaesha


Garissa
9 Juni 1996

Kaaha,

Nakutumia barua ya yule msichana. Nimeisoma mpaka nimeikariri na bado inanitoka mkononi.

Kwanza, ameandika pasi kwa herufi b. Kila mahali! Mtu wa Lamu, ambaye Kiswahili amekinyonya. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu kabla sijajua ninafanya nini, nisamehe, ni mkono wa kazi. Lakini hata baada ya kusahihisha haieleweki. Tunamwambia pasi, anasikia pasi, anakiri kwamba amesikia, halafu anaacha. Ni nani anayeambiwa atoe pasi akaacha?

Siku sita zimebaki na ninashindana na barua. Wewe unaonaje?

Sahro


Nairobi
12 Juni 1996

Sahro,

Keti kwanza, kisha usome.

Hajakosea hata herufi moja. Ameandika alichosikia.

Chukua kipande cha karatasi nyembamba, kiweke mbele ya midomo yako, useme "pasi". Karatasi ikitikisika, umesema p. Isipotikisika, umesema b. Yako haitatikisika, abaayo. Yangu haikutikisika. Wala ya Ramlo, wala ya Abshiro, wala ya mama zetu. Kisomali hakina herufi hiyo, na sikio ambalo halikuzaliwa nayo haliisikii ikikosekana. Sisi tunaiandika vizuri kuliko watu wengi. Barua zako zina p nzuri mno, ndiyo maana sikugundua. Nilikusoma kwa macho.

Umemwambia "basi" tangu mwezi wa tano. Umemkataza kucheza, kwa sauti kubwa, halafu ukamtoa kwa sababu alitii.

Utauliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu hapa wananiita Babai. Wiki ya kwanza niliomba papai jikoni, likatoka hivyo, na chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenionyesha mambo ya karatasi, naye alifanya hivyo kwa wema. Na kuna lingine, ambalo nimekuficha. Sianzi kila mechi. Sijacheza tangu mwezi wa pili. Tulikuwa tunaongoza, nikakimbia mbele, nikaita mpira kwa nguvu zangu zote, na kocha akadhani nasema nimechoka. Akanitoa. Nilikuwa na neno moja tu la kumweleza, na neno lenyewe ndilo nisiloweza kulisema. Nikaona kukaa ni rahisi. Nimekaa miezi minne, nakuandikia ushauri kama bingwa.

Yaliyompata Mwanaesha ni yangu yakiwa yamegeuzwa nje ndani, nami nikakwambia mtoe.

Nakurudishia barua yake. Wino mwekundu uufute wewe. Bahasha hii nampa dereva mkononi, nimemwapisha. Ikifika kabla ya Jumamosi, usitafute herufi p. Hutaipata kwa siku mbili. Tafuta neno jingine.

Kaaha


Garissa
16 Juni 1996

Abaayo wangu Kaaha,

Dereva alitimiza kiapo chake. Bahasha ilinifikia Alhamisi baada ya Alasiri. Nilikata pembe ya karatasi yako, nikaiweka mbele ya midomo, mlango umefungwa. Haikutikisika. Nikasema maneno yote ninayowafundisha watoto: penseli, pembe, upepo, pumzi. Karatasi ilining'inia tu. Nimefundisha Kiswahili miaka miwili, Kaaha. Nimekaa chini nikawahesabu watoto niliowakosoa imla kwa kuandika nilivyotamka.

Nilikwenda Nyumba za Serikali. Mama yake alinikaribisha kahawa, nikashindwa kuinywa. Nilimwomba Mwanaesha asimame uani akinipa mgongo, akidunda mpira, na afanye tu atakachosikia. Nikaita kama ninavyoita kutoka benchi. Mkono wake ulikoma, mpira ukabingirika mpaka kwenye kuku. Alipogeuka aliona uso wangu.

"Ulikuwa unasema pasi," alisema polepole. "Siku zote."

Nikamwambia ndiyo. Nilitaka anitukane. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa ushungi, halafu akawa analia ndani ya ushungi huo huo, na mama yake akatoka kutuuliza ni nani amekufa.

Orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa, na wa kuibadilisha ni Mwalimu Mkuu peke yake. Ijumaa asubuhi nilimwendea. Ilinibidi kumwambia kwamba mimi, mwalimu wake wa Kiswahili, siwezi kutamka neno la Kiswahili. Njia nzima nilijiona nikipakia vitabu vyangu. Nilimweleza yote, nikasema maneno mawili moja baada ya jingine ili asikie tofauti.

Akaniuliza kama nazungumzia basi la abiria.

Nikarudia. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, umesema neno moja mara mbili. Tatizo liko wapi?" Akayasema yeye mwenyewe, na Wallahi yalikuwa mamoja. Tulikaa pale, watu wawili tuliosoma, tukiambiana basi na basi, na katibu wake Nunow naye akatia yake kutoka mlangoni, nayo ilikuwa kama zetu. Mwalimu Mkuu akaona natafuta visingizio vya kushindwa. Alikwisha kuichukua kalamu kuendelea na kazi.

Nikamwita Mwanaesha aliyekuwa akingoja nje. Aliamkia, akayasema maneno mawili akiwa ameishika karatasi, na moja likaipeperusha. Mwalimu Noordin aliinama kuitazama ile karatasi. Kisha akamuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na mimi nikisema kwenye gwaride, wewe unasikia nini?"

"Nakusikia vizuri, mwalimu," alisema. "Ila siku ile ulipotwambia bwenini kuna banya. Nilimtafuta banya wiki nzima. Nilidhani ni mdudu wa huku."

Nilidhani atamfukuza. Alivua miwani, mabega yakaanza kumtikisika, na Nunow alilazimika kutoka nje. Akaandika barua ya kubadilisha jina papo hapo. Rukiyo alitoa nafasi yake kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa jela. Lakini alipotia muhuri, Mwalimu Mkuu aliniambia ahadi iko pale pale. Tangi bado limelala.

Tulikuwa na alasiri moja ya mazoezi. Tukachagua "lete". Kila mtu anaweza kuisema. Ungewaona, Kaaha. Mwanaesha na Ramlo walikuwa kama watu waliokuwa wakipigana mateke chini ya meza moja wakagundua ni ndugu. Ramlo akikimbia, mpira unamkuta. Nilikuwa nimepata gadi wawili wanaokaa pamoja, na nilikuwa nao kwa siku moja.

Jana. Wajir walikuja na lori, kumi na wawili, wamevaa suruali mpya za bluu. Nusu ya kwanza tulikuwa mbele kwa nne. Shule nzima ilikaa ukutani na Nunow akapiga ngoma ya debe. Halafu Abshiro alifanya faulo ya tano akatolewa, na chini ya ringi tukabaki na mtoto mwenye viatu vya dada yake. Wakatufikia, wakatupita. Zikiwa zimebaki sekunde chache ni wao 31, sisi 30, na mpira uko kwa Mwanaesha.

Ramlo alikata kushoto akawa wazi, mikono juu. Na kwa haraka ile lete yote ilimtoka kichwani. Akapiga kelele, "Basi!"

Nilimwona Mwanaesha akisikia. Na mpira ukaondoka mkononi mwake kabla neno halijaisha, ukampata Ramlo kifuani, sawasawa, pasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye kiwanja kile. Ramlo akarusha. Ulizunguka ringi mara mbili. Ukatoka.

Baadaye nilimuuliza Mwanaesha alijuaje. Alikuwa anafungua kamba za viatu, hakuinua kichwa. "Basi yenu ya kuomba ina haraka, mwalimu. Nishaizoea."

Wasichana walilala chini kwenye vumbi. Ramlo alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na hakuna aliyeweza kumwinua. Fundi wa tangi atakuja kesho na msumeno. Nimekata kiganja chako, yaani nimekinakili, kwa karatasi na mkaa. Kimo humu ndani. Changu nimeacha kiende na chuma. Rudi uwanjani, Kaaha. Waambie lete. Mimi sina kiwanja tena, kwa hiyo cheza kwenye chako.

Nilikuwa nimesimama chini ya ringi, watu wakiondoka, Mwalimu Noordin alipokuja. Aliitazama nguzo, akaipigapiga kama mtu anayempoza ngamia kabla ya kumchinja, halafu akanipa mkono.

"Bole, mwalimu," akaniambia. "Bole sana."

Niliisikia, Kaaha. Kwa mara ya kwanza niliisikia ile b waziwazi, na sikutaka aiseme vingine.

Sahro